KUVUMILIANA HAKUTOSHI
Neno kwa Wakristo juu ya jirani zao Waislamu, kwa mfano wa Songea

Yapo maneno yatumikayo kila siku hata watu wakaisahau maana yake. Mojawapo ni neno hili, kuvumiliana. Kila litajwapo jambo la dini katika mikutano yetu, msemaji husimama akaisifu nchi kwamba Wakristo na Waislamu wake wanavumiliana; wasikilizaji hupiga makofi, kisha kila mtu hurudi kwake. Sifa hiyo ni ya haki, wala hatuna nia ya kuipunguza, kwa maana ziko nchi zilizomwaga damu kwa mambo ambayo hapa kwetu humalizwa kwa salamu na kwa mzaha wa watani. Lakini hebu tulipime neno lenyewe. Mtu huvumilia njaa. Huvumilia baridi ya Julai, jino liumalo, na deni asiloweza kulidai. Livumiliwalo ni jambo ambalo mtu angependa liondoke, kama angepata njia. Je, ndivyo tunavyotaka kusema juu ya ndugu zetu?

Swali hili twawauliza Wakristo, nasi tunaouliza tu Wakristo, tuliolelewa na kusomeshwa na misheni. Waislamu wanao masheikh wao na waandishi wao, nao wakiona vema watawaambia wenzao yawahusuyo. Kila mwenye nyumba huanza kufagia ua wake. Na tumeichagua Songea kuwa mahali pa kusemea kwa sababu hapa jambo lenyewe laonekana wazi kuliko mahali pengi. Hapa dini mbili hizi hazikuishia kugawana wilaya au vijiji tu. Zimegawana hata watoto wa tumbo moja.

Yosefu na Yusufu

Atokaye mjini Songea kuelekea magharibi hufika Peramiho, penye kanisa kubwa la abasia ya Wabenediktini, na akizidi kwenda huingia Mbinga, nchi ya Wamatengo, ambako Ukatoliki umeshika mizizi. Atokaye kuelekea mashariki hupita Namtumbo akafika Tunduru, nchi ya Wayao, ambako adhana ndiyo iamshayo vijiji. Songea imekaa katikati, na koo zake zimekaa katikati vile vile. Katika koo za Ungoni, za akina Gama, Mbano, Tawete, Komba na Ngonyani, utamkuta Yosefu na utamkuta Yusufu. Utamkuta Maria na utamkuta Mariamu. Utamkuta Yohana na utamkuta Yahya. Ni wajukuu wa babu mmoja, na majina yao ni yale yale kwa matamshi mawili.

Afapo mzee wa ukoo, kaburi huchimbwa na wote. Akiwa Mwislamu, nduguze Wakristo husimama kando kwa adabu mpaka swala ya jeneza iishe, kisha hushika jembe. Akiwa Mkristo, nduguze Waislamu hulisindikiza jeneza mpaka makaburini. Siku ya Idi sahani za pilau huvuka ua, na siku ya Krismasi huvuka tena zikirudi. Mambo haya hayakuagizwa na Serikali wala na Chama. Watu waliyapanga wenyewe kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kubaki kuwa ukoo.

Hata hivyo, mwulize Mkristo huyo huyo aliyekula pilau ya Idi miaka arobaini: Mwislamu afungapo Ramadhani atafuta nini zaidi ya kushinda na njaa? Kwa nini hutia udhu kabla ya kusali? Kwa nini hali nyama ambayo haikuchinjwa kwa jina la Mungu? Mara nyingi jibu litakuwa ni kucheka, au kusema, “Ndiyo desturi yao.” Twala pamoja na twazikana, lakini hatujuani. Na mahali pasipo na kujuana, kuvumiliana ni kama ukuta wa udongo usiopakwa chokaa: wasimama wakati wa kiangazi tu.

Msiba mmoja, milango miwili

Yafaa kukumbuka kwamba dini zote mbili ziliingia Ungoni zikiwa wageni. Wangoni wenyewe walikuwa wageni, kwa maana wazee wao walitoka kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, ndipo wakafika nchi hii. Uislamu ulikuja kwa miguu, katika njia ya misafara iliyotoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Ukristo wa Wabenediktini ulifika Peramiho mwaka 1898, mwaka mmoja tu baada ya Wajerumani kujenga boma lao Songea. Wakristo hupenda kuwakumbusha Waislamu habari za watumwa. Waislamu nao huwakumbusha Wakristo habari za boma. Kweli ni kwamba kila dini ilikuja imefuatana na mwenzi ambaye leo yamwonea haya.

Kisha ikaja Vita ya Maji Maji, mwaka 1905. Askofu Cassian Spiss, ambaye ndiye aliyeianzisha misheni ya Peramiho, aliuawa Agosti mwaka huo pamoja na watawa wanne, akiwa safarini kutoka pwani kwenda Peramiho. Misheni yenyewe ikachomwa moto. Maji yaliletwa Ungoni na mtu aitwaye Kinjala. Nkosi Chabruma wa Mshope akayapokea, na Nkosi Mputa Gama wa Njelu akaingia vitani. Hii haikuwa vita ya Uislamu kuupiga Ukristo. Chanzo chake kilikuwa ni kodi, viboko, na kulimishwa pamba kwa nguvu. Na imani iliyowaunganisha wapiganaji ilikuwa ni ya maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, imani iliyochipuka katika udongo wa Afrika wenyewe.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wakuu wa Wangoni hapa Songea. Kila mwaka siku hiyo wakumbukwa mashujaa 67. Sitini na sita wamelala katika kaburi moja, na kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu waitwa kwa jina lake, liko peke yake hatua chache kutoka hapo. Kabla hawajanyongwa, padri wa misheni aliwaendea gerezani akawafundisha kwa haraka, na baadhi yao wakabatizwa.

Sisi Wakristo hatupiti juu ya habari hiyo kwa wepesi. Hatusemi kwamba padri yule hakuwa na huruma. Na yaliyokuwamo mioyoni mwa watu wale ayajua Mungu peke yake. Twasema tu kwamba walipewa maji ya ubatizo na mtu wa taifa lile lile lililoshika kamba. Mwanzo wa Ukristo wetu hapa una kivuli hicho, na mwenye kivuli chake asicheke kivuli cha mwenzake.

Baada ya vita ilikuja njaa. Wakuu walikuwa wamekufa, mashamba na maghala yamechomwa, maji yameshindwa kuzuia risasi. Katika miaka iliyofuata watu wengi wa kusini walitafuta mahali pa kutia mioyo yao. Wengine walikwenda misheni, kwa sababu misheni ilikuwa na shule na dawa, na kwa sababu waliamini walichofundishwa. Wengine walikwenda msikitini, kwa sababu dini ile haikuwa ya yule aliyewanyonga wazee wao, mwalimu wake alikuwa mtu mweusi kama wao, nao pia waliamini walichofundishwa. Kaka aliingia mlango huu, mdogo wake akaingia mlango ule. Msiba uliowatuma ulikuwa ni mmoja. Mkristo wa Songea amtazamapo Mwislamu wa Songea, aone mtoto wa msiba ule ule aliyepita mlango mwingine.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu wa mashujaa hao akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Hakuuliza yupi asali Jumapili na yupi asali Ijumaa. Mgeni aliyetoka mbali aliona ukoo mmoja. Itakuwa aibu ikiwa sisi wenyeji tutaona kambi mbili.

Shule iliyowekwa nyuma ya mlango

Sasa twafika mahali ambapo Wakristo wengi hawapendi kufika. Katika zama za ukoloni shule nyingi za nchi hii zilikuwa mikononi mwa misheni. Serikali ya Waingereza, tangu miaka ya 1920, ilizisaidia shule hizo kwa fedha za umma, fedha zilizotoka katika kodi ya Mkristo na katika kodi ya Mwislamu sawasawa. Baba Mwislamu aliyetaka mwanawe asome aliona kwamba kijana akienda huko huenda akarudi ana jina jingine na sala nyingine. Basi wengine wakawazuia watoto wao. Watoto wa jirani zao wakasoma, wakawa makarani, walimu, waganga na mapadri; na Uhuru ulipokuja mwaka 1961, hao ndio waliokuwa tayari kuvikalia viti walivyoviacha wakoloni.

Tangu hapo umezuka usemi ambao tumeusikia katika ofisi na katika mabaraza ya makanisa, kwamba Waislamu hawapendi elimu. Usemi huu ni wa uongo, na Mkristo aupendaye ukweli hana budi kuuacha. Watu wa pwani walikuwa wakisoma na kuandika karne nyingi kabla misheni hazijafika, na Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa hizi tunazozisoma leo. Mzazi yule hakukiogopa kitabu. Aliuogopa mlango ambao kitabu kiliwekwa nyuma yake.

Jambo hili lilikitikisa hata Chama. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, alisema hadharani hofu yake kwamba Uhuru ukija Waislamu wataachwa nyuma. Alifukuzwa katika Chama. TANU haikutaka dini ipande jukwaani, na katika hilo ilikuwa na sababu, kwa kuwa mkoloni alikuwa akingoja ufa wa kupitia. Lakini swali la elimu halikufukuzwa pamoja na mzee yule. Lilibaki limekaa mlangoni.

Serikali ya Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, ililijibu kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyozitia shule za misheni zilizopata msaada wa Serikali katika mikono ya umma, ili mtoto yeyote aingie bila kuulizwa dini. Wako Wakristo walioona kwamba wamenyang'anywa. Sisi twaona kwamba walirudisha sehemu ya kile ambacho umma wote ulikuwa umekilipia. Na ipo habari nyingine yenye mizizi karibu na hapa. Benjamin Mkapa alisoma ujanani katika seminari ya Kigonsera, huku huku kwetu kusini. Alipokuwa Rais, majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO mjini Morogoro yalitolewa kwa Waislamu, nacho Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kikaanza kufundisha mwaka 2005. Huo ni mfano wa mtu aliyekumbuka ni nani aliyemsomesha, asisahau pia ni nani ambaye hakusomeshwa.

Malalamiko hayajakwisha. Waislamu wengi wamekuwa wakisema habari ya makubaliano ya mwaka 1992 baina ya Serikali na makanisa kuhusu hospitali na shule, wakiona kwamba yamewapendelea Wakristo. Makanisa hujibu kwamba hospitali zao zamtibu kila mtu; na aliyefika hospitali ya Peramiho ajua kwamba vitandani mwake wamelala Waislamu na Wakristo, na homa haichagui. Majibu hayo yana uzito. Lakini Mkristo asikiapo lalamiko la ndugu yake, kazi yake ya kwanza ni kulisikiliza mpaka mwisho. Ajibuye kabla ya kusikia hamjibu mwenziwe, aijibu hofu yake mwenyewe.

Kitabu cha mwenzako

Tumesema kwamba hatujuani. Wala hatusemi kwamba Wakristo hawakujaribu kamwe kuujua Uislamu. Twasema kwamba mara nyingi walijaribu kwa nia ya kushinda. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923, na mfasiri wake hakuwa sheikh. Alikuwa ni padri wa Kianglikana, Canon Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA, ndiyo ile iliyofanya kazi Unguja, Masasi, na ukingoni mwa Ziwa Nyasa mpaka Liuli katika mkoa wetu huu. Kazi ilikuwa kubwa, na mwenyewe alikuwa mtu wa elimu. Lakini aliitia maelezo ya kubishana, ili iwasaidie walimu wa Kikristo katika hoja zao, na Waislamu hawakuipokea. Miaka mingi ikapita, Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya akatoa tafsiri yake mwaka 1953, kisha Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatoa ya kwake mwaka 1969, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wameipenda. Ukikisoma kitabu cha mwenzako ili umpige nacho, umeyasoma maneno, lakini yeye mwenyewe hujamjua.

Lipo jambo jingine la kuchekesha na la kufundisha. Mjerumani Karl Roehl, aliyetoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, alijitahidi kuyaondoa maneno mengi yenye asili ya Kiarabu, akitaka Kiswahili cha Kikristo kiwe safi. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 iliyaacha maneno hayo mahali pake, nayo ndiyo iliyodumu. Na ingewezekanaje vinginevyo? Mkristo akipiga magoti asema sala, imani, dhambi, rehema, baraka, malaika, nabii, sadaka. Yote hayo yalipita katika vinywa vya Waislamu kabla hayajafika vinywani mwetu. Hatuwezi hata kuungama pasipo kuazima neno kwa jirani.

Kanisa Katoliki lenyewe, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitoa tamko tarehe 28 Oktoba 1965, liitwalo Nostra Aetate. Tamko hilo lawataja Waislamu kwa heshima: kwamba wamwabudu Mungu mmoja aliye hai, kwamba wamheshimu Yesu kuwa nabii ingawa hawakiri Uungu wake, na kwamba wamheshimu mama yake. Kisha lawataka watu wa pande zote waache ugomvi wa zamani wafanye bidii ya kufahamiana. Angalieni, ndugu: neno lililochaguliwa ni kufahamiana. Kanisa halikutosheka na kuvumiliana.

Katika Kurani imo sura nzima iitwayo Maryam. Nayo mapokeo ya Waislamu yasimulia kwamba wafuasi wa kwanza wa Mtume Muhammad walipoteswa Makka, yapata mwaka 615, baadhi yao walivuka bahari wakakimbilia Uhabeshi kwa mfalme Mkristo. Watesi wao wakatuma watu kuwadai. Mfalme aliwauliza habari za imani yao, wakamsomea katika sura hiyo, naye akakataa kuwatoa. Basi mkimbizi wa kwanza wa Uislamu alilala chini ya ulinzi wa Mkristo, tena katika bara letu hili la Afrika. Ni Wakristo wangapi wa Songea waliowahi kuambiwa habari hiyo kanisani?

Lakini tusidanganyane. Hatusemi kwamba dini zote ni moja, maana usemi huo hauheshimu yeyote. Mkristo aamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulibiwa akafa, akafufuka. Mwislamu ayakataa hayo, akiona kwamba kumpa Mungu mwana ni kumpunguzia utukufu. Tofauti hii ni ya kweli na haitafutwa na pilau. Afichaye imani yake ili apendwe hapendwi yeye, chapendwa kinyago alichokivaa. Kujuana ni kuujua hata mpaka wenyewe ulipo, kisha kuamkiana juu yake kila asubuhi.

Mkono wa Matimila

Wafanyakazi na wanachama hawana haja ya kutafuta mbali mfano wa jambo hili. Katika kijiji cha Matimila, wilaya ya Songea, mwaka 1926 alizaliwa Rashidi Mfaume Kawawa, miaka ishirini baada ya kunyongwa mashujaa. Alikuwa Mwislamu. Vyama vya wafanyakazi vilipojiunga mwaka 1955 kuwa TFL, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu. Katika vyama vile mchukuzi wa bandarini, mpishi na karani walidai ujira wao kwa sauti moja. Aliyegoma na aliyeogopa kugoma walijulikana kwa vitendo vyao, wala hakuna tajiri aliyempunguzia mtu saa za kazi kwa sababu ya ubatizo wake.

Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu, wiki sita tu baada ya Uhuru, ili akakijenge Chama vijijini. Serikali changa, yenye maadui na hazina nyembamba, alimwachia Kawawa. Mkatoliki wa Butiama aliiweka nchi mikononi mwa Mwislamu wa Matimila. Wala haikuwa kwa kuvumilia. Mtu hamwachii amvumiliaye mtoto wake mchanga, humwachia amjuaye. Walikuwa wamekaa vikao pamoja, wamepata shida pamoja, kila mmoja amejua udhaifu na nguvu za mwenziwe. Kawawa aliitunza amana ile, na mpaka alipofariki tarehe 31 Desemba 2009 hakuna aliyeweza kusema kwamba urafiki wao uliwahi kuuliza kibla.

Moto hauanzi na kuni kubwa

Kwa nini twayasema haya sasa? Kwa sababu tumekwisha kuona moshi. Tangu miaka ya 1980 imekuwako mihadhara ambayo mhubiri wa dini hii hukishika kitabu cha dini ile ili kukifedhehi mbele ya umati. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya Msahafu uliishia kwa makanisa kuharibiwa na kuchomwa. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje nyama ulimwua mchungaji. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilitupwa kanisani Olasiti, Arusha, watu wakafa. Songea haikuwamo katika orodha hiyo, nasi twashukuru. Lakini Mbagala nayo, siku moja kabla, ilikuwa ni mahali ambapo watu husema wanavumiliana.

Tazameni habari ya nyama. Ilikuwa desturi ya zamani katika sehemu nyingi za nchi yetu kwamba Mwislamu ndiye achinjaye, ili wote waweze kula. Wakristo wengine wakaja wakaona kwamba huko ni kutawaliwa. Lakini Mkristo ana mwalimu wake katika jambo hili hili: Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za nyama, akawafundisha kwamba afadhali mtu asile nyama milele kuliko kumkwaza ndugu yake kwa chakula. Mkristo hapungukiwi na imani kisu kishikwapo na mwenziwe. Apungukiwa sana akiisha kukishika ili kumwonyesha mwenziwe kwamba aweza.

Upo na moto wa pili, usio na moshi, nao ni mbaya kuliko wa kwanza. Ni ule wa ofisini. Mkubwa aitazama orodha ya waombao kazi, jicho lake latua juu ya jina, na jina lampa jibu kabla ya cheti. Hakuna kanisa lililochomwa siku hiyo, wala gazeti halitaandika. Lakini kijana mmoja amerudi nyumbani akijua kwa nini hakuitwa, na atawasimulia wadogo zake. Dhambi hii yaweza kufanywa na Mkristo, na yaweza kufanywa na Mwislamu. Kwa kuwa leo twasema na Wakristo, twasema: Mkristo aifanyaye amkana yule Msamaria ambaye Bwana wake alimfanya kuwa mfano wa jirani.

Yatupasayo

Basi, ndugu wanachama na wafanyakazi mlio Wakristo, yatupasa nini? Kwanza, tuulize. Mwulize jirani yako maana ya funga yake, umsikilize kama mwanafunzi. Atafurahi, naye atakuuliza maana ya Kwaresima yako. Pili, tuseme kweli juu ya elimu. Kila usemi wa dharau juu ya Waislamu na shule ukatizwe na Mkristo wa kwanza ausikiaye, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye mlango ulivyokuwa. Tatu, kazini tupeane nafasi: swala ya Ijumaa, futari ya jioni ya Ramadhani, ibada ya Jumapili. Zamu zaweza kupangwa na wafanyakazi wenyewe bila kungoja waraka. Nne, katika karamu zetu chakula kiandaliwe kwa namna ambayo hakuna mgeni atakayekaa na sahani tupu akijifanya ameshiba. Tano, tusimnunue mtu. Mgonjwa, yatima na mwenye njaa wasaidiwe kwa kuwa wana shida. Na sadaka iliyofungiwa ndoana ndani si sadaka.

Haya si mambo makubwa. Hayahitaji fedha wala kamati. Yahitaji mtu avuke ua, si kwa kupeleka sahani tu, bali kwa kukaa kitako na kuzungumza mpaka chai ipoe.

Watu wa 1906 wamelala kaburini pamoja, na hakuna awezaye kuwapanga upya kwa dini za wajukuu wao. Wajukuu hao ndio sisi. Wazee wetu walipewa umoja na kamba ya adui, kwa kuwa hawakuwa na hiari. Sisi tuna hiari. Tusiitumie kuvumiliana kama watu wangojao basi moja mvuani. Tuitumie kujuana, tukatendeana haki, ili mtoto wa Yosefu na mtoto wa Yusufu wasihitaji msiba mwingine wa kuwakumbusha kwamba ni ndugu.